Kuchagua Shokapu za Pikapu Iliyoshushwa Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Tanga

Majibu haya yanawahusu wenye pikapu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga ambao wameshusha magari yao kwa kiasi kidogo, yaani kati ya milimita 25 na 50, au wanaokusudia kufanya hivyo, na sasa wanataka kujua ni shokapu zipi zitakazofaa. Magari tunayoyazungumzia ni pikapu za kawaida za huku kwetu, kama Toyota Hilux, Nissan Hardbody, Isuzu D-Max na Mitsubishi L200, ambazo nyuma zina springi za majani. Aliyeshusha gari kuliko kiasi hicho, au aliyehamishia ekseli upande wa pili wa springi, anahitaji hesabu nyingine pamoja na kazi ya chasisi ambayo haikuguswa hapa.

Je, ni lazima kubadilisha shokapu baada ya kushusha gari?

Si lazima kila mara. Uzito wa gari hubebwa na springi, wala haubebwi na shokapu. Kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko: ndani yake mna pistoni yenye matundu membamba na valvu, na kila gurudumu linapopanda au kushuka, oili hulazimishwa kupita humo kwa shida, ndipo nguvu ya mtikisiko inapogeuka kuwa joto na kupotelea hewani. Kazi hiyo haibadiliki kwa sababu gari limeshushwa. Kinachobadilika ni mahali pistoni inapoanzia safari yake. Gari likishuka, fimbo ya shokapu huingia ndani zaidi hata gari likiwa limesimama tu, na nafasi iliyobaki ya gurudumu kupanda hupungua.

Kwa gari lililoshushwa milimita 25, shokapu za asili zilizo nzima kwa kawaida huendelea kufanya kazi yake vizuri. Kuanzia milimita 40 haifai kukisia, pima. Ikiwa shokapu inafika mwisho wake kabla ekseli haijagusa raba ya kugotea, yaani ule mpira unaoizuia ekseli isigonge chasisi, kila shimo litakuwa nyundo inayopiga valvu ya chini na vishikio vya chasisi, na shokapu hiyo haitadumu hata kama ni ya bei kubwa kiasi gani.

Njia iliyotumika kushusha gari ina uhusiano gani na shokapu?

Uhusiano ni mkubwa, na kwa maoni yangu fundi anayeuliza "umeshusha kiasi gani?" bila kuuliza "umeshusha vipi?" bado hajafika kwenye swali lenyewe.

Tuanze mbele. Nissan Hardbody, Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza na Hilux nyingi za kabla ya 2005 zisizokuwa na ekseli nzima mbele hutumia nondo ndefu ya chuma inayosokotwa, ile ambayo mafundi huiita toshenba. Gari la namna hii hushushwa kwa kulegeza bolti ya kurekebishia iliyo mwisho wa nondo. Ugumu wa nondo haubadiliki hata kidogo, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kutafuta shokapu ngumu zaidi, na suala linabaki kuwa la urefu peke yake.

Hilux za kuanzia 2005, zile zinazojulikana kama Vigo, mbele zina springi za koili zilizovalishwa juu ya shokapu. Wapo wanaonunua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na wapo wanaokata zilizopo. Koili inapokatwa huwa ngumu zaidi: ukiondoa mzunguko mmoja kati ya 8 inayofanya kazi, springi iliyobaki huwa ngumu kwa takriban asilimia 14. Ikikatwa kwa moto wa gesi, joto huharibu uimara wa chuma karibu na mkato, na springi kama hiyo naomba isifungwe kwenye gari linalobeba watu. Kuna hatari nyingine isiyoonekana gari likiwa limesimama. Springi ikifupishwa huku shokapu ikiachwa na urefu wake wa awali, gurudumu likining'inia springi hulegea katika kikalio chake, hujizungusha, na linaporudi chini inaweza kukaa upande. Shokapu inayofaa hapa ni ile ambayo, ikiwa imenyooka kabisa, bado inaibana springi kidogo.

Nyuma, njia inayotumika sana mitaani ni kutoa jani moja la springi. Kimo hupungua, lakini uwezo wa kubeba hupungua pia, na springi huwa laini. Njia ya pili ni kumpelekea fundi wa springi majani yapunguzwe mkunjo, na hapo ugumu hubaki karibu uleule. Njia ya tatu ni kuweka vitalu vya chuma kati ya ekseli na springi. Vitalu hivyo hushusha gari pale tu springi zinapopita chini ya ekseli. Zikipita juu yake, kama ilivyo katika pikapu nyingi zenye kuendesha magurudumu yote manne, kitalu hichohicho hulipandisha gari. Chungulia chini kabla hujalipa.

Nitapimaje urefu wa shokapu ninayohitaji?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na kazi yenyewe inahitaji tepu, jeki, stendi mbili imara, kalamu na muda usio na haraka. Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu kwa kila upande.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa gari likiwa limesimama kwenye sakafu bapa, tairi zina upepo sahihi, na mzigo wa kawaida, ikiwa huwa upo kila siku, umo ndani. Pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Huo ndio urefu wa shokapu katika kimo kipya cha gari.

Kipimo cha pili ni cha gurudumu kuning'inia. Inua chasisi kwa jeki, iweke juu ya stendi, kisha uiteremshe ekseli polepole huku ukiangalia mpira wa breki usivutwe. Shokapu ya zamani iwe imefunguliwa bolti ya chini, maana ikiachwa imefungwa yenyewe ndiyo itakayoamua ekseli ishuke hadi wapi, nawe utakuwa umeipima shokapu badala ya kulipima gari. Pima tena kati ya bolti na bolti.

Kipimo cha tatu ni cha kugota. Pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba ya kugotea gari likiwa katika kimo chake, kisha ongeza unene ambao raba hiyo itabonyea ikipigwa kwa nguvu. Kwa raba ya kawaida ya pikapu, milimita 20 ni makadirio ya haki.

Shokapu za nyuma mara nyingi hazisimami wima bali zimeinama, kwa hiyo milimita za ekseli si sawa na milimita za shokapu. Ikiwa shokapu imeinama kwa nyuzi 30 kutoka wima, zidisha mwendo wa ekseli kwa 0.87. Mbele, ambako shokapu hushikwa katikati ya wishiboni ya chini, yaani mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu na chasisi, tofauti ni kubwa zaidi: ikiwa imefungwa kwenye asilimia 60 ya urefu wa wishiboni kutoka kwenye bushi zake, gurudumu likipanda milimita 40 shokapu hubanwa kama milimita 24 tu.

Tuchukue mfano wa nyuma. Urefu katika kimo cha gari ni milimita 430, nafasi hadi raba ni milimita 70, na shokapu imeinama nyuzi 30. Mwendo wa ekseli hadi kugota ni 70 kujumlisha 20, yaani 90, na kwa shokapu ni kama 78. Kwa hiyo gari likigota kabisa, bolti na bolti zitakuwa na umbali wa milimita 352. Toa nyingine 10 za usalama: unatafuta shokapu ambayo ikiwa imefungwa yote haizidi milimita 342. Sasa tuseme ekseli inaweza kuning'inia milimita 90 chini ya kimo. Kwa shokapu ni 78 tena, na urefu unakuwa 508. Ongeza 10, upate 518. Shokapu yako iwe na urefu wa milimita 342 au pungufu ikiwa imefungwa, na 518 au zaidi ikiwa imenyooka. Watengenezaji wakubwa huandika vipimo hivi viwili katika orodha za bidhaa zao, na muuzaji makini wa spea anaweza kukutafutia namba inayokaribiana navyo hata kama shokapu yenyewe ilitengenezwa kwa gari la aina nyingine, almradi vishikio vya juu na chini vifanane.

Kumbuka kwamba shokapu ikifupishwa ili isigote, nayo pia haitanyooka hadi mbali. Ndiyo maana kununua shokapu fupi kupita kiasi ni kosa lenye uzito uleule wa kununua ndefu: kwenye tuta gurudumu litaning'inia, shokapu itafika mwisho wake wa juu kwa kishindo, na baada ya muda nati ya pistoni au kishikio cha juu kitaachia.

Je, shokapu ngumu ndiyo bora kwa gari lililoshushwa?

Wazo hili limeenea sana, nalo limewatia hasara watu wengi. Ugumu wa shokapu unapaswa kufuata ugumu wa springi na uzito uliopo juu yake. Kimo cha gari hakiingii moja kwa moja katika hesabu hiyo. Springi ikiwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi, nguvu ya kutuliza inayohitajika huongezeka kwa takriban asilimia 10 tu, kwa kuwa inafuata kipeuo cha pili cha ugumu huo na wala haiendi nao sambamba. Ile koili iliyokatwa mzunguko mmoja kati ya 8, ambayo imekuwa ngumu kwa asilimia 14, inahitaji nyongeza ya asilimia 7 hivi, na shokapu nzima ya kawaida humudu tofauti hiyo bila shida.

Aliyetoa jani la springi yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Springi yake imekuwa laini, na akifunga shokapu ngumu sana, gari likiwa tupu springi haitaweza kuisukuma ekseli irudi chini kwa wakati kabla ya tuta linalofuata. Kwenye rasta zilizopangwa mfululizo, kama zile unazokutana nazo ukikaribia vijiji kwenye barabara ya Segera, ekseli hupanda kidogo katika kila mstari na hairudi yote, mpaka gari linakuwa limekaa juu ya raba za kugotea. Dereva husikia gari ni gumu kama mbao, akadhani springi ndizo zilizoharibika.

Kwa kawaida shokapu hutengenezwa ili nguvu yake wakati wa kunyooka iwe mara 2 hadi 3 ya nguvu yake wakati wa kubanwa. Uwiano huo una maana, nao usivurugwe na mtu anayekuahidi kuiongezea shokapu ugumu kwa kubadilisha oili.

Nichague za gesi au za mafuta? Za bomba moja au mabomba mawili?

Shokapu zote zina mafuta. Zinazoitwa za gesi zina mafuta pamoja na naitrojeni yenye mgandamizo. Gesi huzuia oili isitoe povu inapochapwa kwa kasi, na povu ndilo linaloifanya shokapu ilegee baada ya mwendo mrefu kwenye barabara ya mawimbi. Kwa mtu anayepanda Amani kutoka Muheza, au anayepita njia za mashamba ya mkonge kila wiki, gesi ni faida ya kweli.

Shokapu ya mabomba mawili huwa na gesi ya mgandamizo mdogo, ni nafuu, na bomba la nje likipata kibonyeo kidogo cha jiwe pistoni bado hupita vizuri. Shokapu ya bomba moja hutenganisha gesi na oili kwa pistoni ya pili inayoelea, hupoa upesi kwa kuwa bomba lenye oili ndilo linaloguswa na upepo, na huweza kufungwa hata kichwa chini. Teknolojia hiyo iliingia katika magari ya kawaida kupitia kampuni ya Bilstein ya Ujerumani, iliyoitengenezea Mercedes-Benz mwaka 1957. Udhaifu wake ni kwamba kibonyeo kwenye bomba huikwamisha pistoni.

Kwa pikapu iliyoshushwa kuna mambo mawili ya ziada ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza: gesi ya bomba moja, ambayo huwa na mgandamizo wa takriban bar 20 hadi 30, huisukuma fimbo nje muda wote. Fimbo yenye kipenyo cha milimita 14 kwa bar 25 husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 39, na kwa hiyo shokapu mbili mpya zinaweza kulipandisha gari milimita kadhaa. Usishangae, wala usikimbilie kukata springi tena. La pili: shokapu ya bomba moja inahitaji nafasi ya chumba cha gesi ndani ya bomba lilelile, hivyo kwa urefu uleule wa nje mara nyingi fimbo yake huwa na mwendo mfupi kuliko ya mabomba mawili. Kama vipimo vyako ni vya kubana, ya mabomba mawili yenye gesi ya mgandamizo mdogo, mfano Excel-G ya KYB kutoka Japani, huwa rahisi zaidi kuipatia nafasi.

Mimi kwa kazi za kawaida za Tanga nachagua ya mabomba mawili yenye gesi, na ya bomba moja namwachia anayekwenda mbali na kwa kasi.

Nimeambiwa kuna shokapu zinazobadilisha ugumu zenyewe kulingana na mahali pistoni ilipo. Je, zinanifaa?

Zipo, na mfano unaojulikana ni Sensa-Trac ya kampuni ya Monroe ya Marekani. Ndani ya bomba huchongwa vijia vyembamba katika eneo la kati, ili pistoni ikiwa hapo oili ipite kwa urahisi na gari liwe laini, na pistoni ikitoka nje ya eneo hilo shokapu ikaze. Ni wazo zuri kwa gari la kimo cha kiwandani. Gari likishushwa milimita 40 au 50, pistoni inaweza kuwa inakaa nje ya eneo hilo laini muda wote, na mwenye gari akalalamika kwamba shokapu mpya ni ngumu bila sababu. Tatizo halimo ndani ya shokapu. Imefungwa kwenye kimo ambacho haikuundwa kukihudumia. Ukiipenda aina hii, chukua yenye urefu uliofupishwa ili eneo la kati liangukie kwenye kimo chako kipya.

Je, kuna shokapu zilizotengenezwa mahususi kwa magari yaliyoshushwa?

Ndiyo. Bilstein huuza B6 kwa kimo cha kawaida na B8 ambayo imefupishwa kwa ajili ya springi fupi. Belltech ya Marekani imejikita katika pikapu zilizoshushwa, ingawa orodha yake inaelemea pikapu za soko la kwao. Koni ya Uholanzi inajulikana kwa shokapu zinazorekebishika. Hizi huagizwa, na kwa gari lililoshushwa milimita 30 la kubebea bidhaa sokoni sioni haja ya gharama hiyo.

Pikapu yangu hubeba mizigo. Nifanyeje?

Mzigo ndio unaopaswa kuwa na sauti ya kwanza. Mifuko 10 ya saruji ni kilo 500, na karibu yote hukaa juu ya ekseli ya nyuma. Tuseme springi zako hushuka milimita 60 kwa mzigo huo, na baada ya kushusha gari umebakiwa na milimita 70 hadi kwenye raba. Ukitoka Pongwe na saruji hiyo unasafiri na nafasi ya milimita 10. Hakuna shokapu duniani itakayokuokoa na tuta la kwanza, kwa kuwa shokapu haibebi uzito; inatuliza tu mwendo wa kile kinachobebwa.

Ukiwa na mizigo ya namna hiyo mara kwa mara, rudisha jani la springi na ukubali gari lipande, au ongeza springi za kusaidia ambazo hugusa pale tu mzigo unapokuwepo, kisha ndipo uchague shokapu. Uzito juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kutuliza inayohitajika huongezeka kwa takriban asilimia 41, na shokapu moja isiyorekebishika haiwezi kuwa sahihi kwa hali zote mbili. Anayebeba machungwa msimu mmoja na kuendesha gari tupu miezi mingine anaweza kunufaika na shokapu yenye kitasa cha kurekebishia. Asiyetaka gharama hiyo achague kwa kufuata hali ya mzigo wa wastani, na wala asichague kwa kufuata siku moja ya mzigo mzito kuliko zote.

Je, naweza kukata raba za kugotea ili nipate nafasi zaidi?

Unaweza, kwa uangalifu. Raba hiyo ndiyo inayopaswa kulisimamisha gurudumu, na ikiondolewa kabisa kazi hiyo huangukia shokapu. Raba nyingi zimechongwa kuwa nyembamba kwenye ncha ili zianze kulainisha kabla ya kukaza. Ukikata ncha unapata milimita chache na kupoteza ulaini huo, na mgongo wa abiria ndio utakaoujua. Bora kununua raba fupi iliyotengenezwa fupi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama gari lako linagota barabarani. Paka chokaa iliyokorogwa na maji kidogo juu ya ncha ya raba, iache ikauke, kisha endesha njia yako ya kila siku na mzigo wako wa kila siku. Ukirudi ukakuta alama nyeupe kwenye ekseli na raba imefutika, unajua. Mbele, ambako fimbo ya shokapu inaonekana, funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya kuizunguka fimbo na uisukume hadi kwenye sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke fimbo inapopita. Baada ya safari, mahali kamba ilipoachwa ndipo fimbo ilipofika. Ikiwa imesukumwa hadi mwisho kabisa wa fimbo, shokapu ni ndefu mno kwa kimo chako au raba ni fupi mno.

Shokapu za mtumba zinafaa? Na zile zinazotobolewa na kujazwa oili?

Sizishauri. Shokapu iliyotumika haionyeshi kwa macho valvu zake zimelika kiasi gani, na mbili zilizotoka magari tofauti zitalifanya gari livute upande kwenye breki. Ukilazimika, isimamishe wima, isukume na kuivuta kwa mwendo mrefu: upinzani uwe sawa njia yote, pasiwe na sehemu inayopita bure, na fimbo iwe inang'aa bila mkwaruzo wala kutu.

Kutoboa, kujaza oili na kuchomelea ni jambo ninalolikataa kabisa. Kiasi na uzito wa oili ndani ya shokapu hupimwa kiwandani, na shokapu yenye gesi ya mgandamizo mkubwa ikitobolewa au kuchomelewa inaweza kumjeruhi fundi vibaya.

Kuhusu feki, nunua kwa muuzaji atakayekubali kurudishiwa, linganisha namba iliyopigwa kwenye bomba na ile iliyo kwenye boksi, na pima urefu hapohapo dukani kabla hujaondoka.

Wakati wa kufunga, ni mambo gani mafundi huyasahau?

La kwanza na kubwa ni kukaza bolti zenye bushi za raba gari likiwa juu ya jeki. Bushi ya raba hushikwa na bolti na kujisokota gari linapotembea. Ikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likiteremshwa raba inakuwa tayari imesokotwa kabla ya safari kuanza, na huchanika mapema. Bolti zishikizwe tu, gari literemshwe likae kwa magurudumu yake, lisukumwe mbele na nyuma kidogo, kisha ndipo zikazwe. Hili linahusu pia gari lililoshushwa bila kubadilishwa shokapu: bushi zote za wishiboni na za springi zilegezwe na kukazwa upya katika kimo kipya, la sivyo zinaishi zikiwa zimesokotwa.

Shokapu za mabomba mawili zisukumwe na kuvutwa mara kadhaa zikiwa wima kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia bomba la ndani wakati zimelazwa boksini itoke. Fimbo isishikwe kwa koleo hata mara moja, maana mkwaruzo kwenye kromu huikata sili na oili huanza kuvuja. Na zibadilishwe jozi kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Baada ya kufunga, ni nini kingine kikaguliwe?

Mbele pafanyiwe wilu alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu, kwa kuwa kushuka kwa gari hubadilisha mwinamo wa magurudumu, na tairi zitalika upande wa ndani. Taa za mbele zirekebishwe.

Kisha kuna kitu ambacho naomba kisipuuzwe. Pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti au springi ndogo, ambayo huongeza nguvu ya breki za nyuma kadiri gari linavyoshuka kwa mzigo. Ukishusha gari, valvu hiyo huona kimo kidogo na kudhani kuna mzigo. Matokeo yake, gari tupu kwenye lami yenye mvua linafunga magurudumu ya nyuma kwanza na mkia unatoka. Kijiti hicho kirekebishwe kulingana na kitabu cha gari, na fundi akikuambia hajui kilipo, tafuta mwingine. Mfahamishe pia mtu wako wa bima kwamba gari limebadilishwa kimo.

Nitajuaje kwamba shokapu zimechoka, na hewa ya bahari ina madhara?

Unyevu mwembamba wa oili karibu na sili ni kawaida. Oili inayotiririka na kushika vumbi hadi chini ya bomba si kawaida. Dalili nyingine ni tairi kulika kwa mabonde mabonde, pua ya gari kuzama sana ukifunga breki, na mkia kurukaruka na kuhama upande kwenye kona yenye mawimbi. Kulibonyeza gari kwa mkono na kuhesabu linaruka mara ngapi husaidia kwa shokapu iliyokufa kabisa, lakini haionyeshi iliyochoka nusu. Watengenezaji wengi hushauri kufikiria kubadilisha katika takriban kilomita 80,000. Kwa njia za vumbi na mizigo, kagua mapema zaidi.

Hewa ya bahari ina madhara. Wanaokaa Raskazone, wanaoshusha samaki ufukweni, na wanaopita kwenye maji ya chumvi wanajua jinsi bolti za chini zinavyoshikana na kutu. Osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, paka grisi kwenye nyuzi za bolti unapofunga, na uhakikishe kofia ya vumbi ya shokapu haijapasuka. Katika gari lililoshushwa fimbo huingia ndani zaidi, kwa hiyo sehemu iliyo karibu na ncha ya juu, ambayo zamani ilikaa nje muda mwingi ikipigwa na hewa, sasa hupita kwenye sili mara nyingi zaidi. Fimbo ikipata madoa ya kutu mahali inapopitia, sili haitapona tena, na hapo shokapu hubadilishwa.